Tathmini: Uigaji wa maji au mfumo wa chembe? Zana mbili za Blender zilizopimwa kando ya Ziwa Victoria

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikitengeneza tangazo la sekunde 40 la mzee mmoja anayeunda mitumbwi ya mbao upande wa Kirumba, hapa Mwanza, na kazi hiyo ndiyo iliyonilazimisha kuzipima kwa makini zana mbili zilizomo ndani ya programu ya Blender ambazo wengi wetu huzichagua kwa mazoea tu. Ya kwanza ni uigaji wa giligili, yaani ule unaokokotoa mwenendo wa maji, moshi na moto kwa kufuata kanuni za fizikia. Ya pili ni mfumo wa chembe, ambao hurusha maelfu ya vitone na kuviacha vifuate amri chache ulizoviwekea. Tangazo lilikuwa na picha tatu zinazohusika na tathmini hii: omo ya mtumbwi, yaani ncha yake ya mbele, ikipasua maji asubuhi, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini usiku katika mvua, na moshi wa banda la kukaushia samaki ufukweni.

Watu kadhaa wameniuliza kwa nini sikuchukua kamera nikaenda kupiga picha halisi, wakati ziwa lenyewe linaonekana kutoka dirishani kwangu. Jibu ni kwamba mtumbwi uliokuwa ukitangazwa ulikuwa bado haujaundwa. Ulikuwa mchoro kwenye karatasi ya manila, wenye omo iliyoinuliwa kuliko ile ya kawaida, na mzee alitaka wateja wake waone jinsi omo hiyo itakavyolipokea wimbi kabla hawajatoa malipo ya awali. Kwa maneno mengine, maji hayakuwa pambo la picha. Maji ndiyo yaliyokuwa hoja ya tangazo, na waliotarajiwa kulitazama ni watu walioamka na maji hayo tangu utotoni.

Nianze na bei, kwa kuwa katika kazi zetu ndiyo inayoamua mengi. Blender ni programu ya bure ambayo msimbo wake umekuwa huria tangu mwaka 2002, wala haina muda wa majaribio unaokwisha. Unaipakua mara moja, na bando likiisha inaendelea kufanya kazi. Zana yake ya giligili inaitwa Mantaflow, iliyoingizwa katika toleo la 2.82 mwezi Februari 2020 ikachukua nafasi ya zana mbili za zamani, moja ya maji na nyingine ya moshi. Mfumo wake wa chembe ni mkongwe zaidi, na ingawa siku hizi watengenezaji wameelekeza nguvu zao kwenye nodi za jiometri, yaani vijisanduku vya amri unavyoviunganisha ili kuunda maumbo, ambazo tangu toleo la 3.6 la mwaka 2023 zinaweza nazo kuiga mwendo, mfumo ule wa zamani bado upo na bado ni wa kutegemewa. Mimi nilitumia toleo la 4.2. Houdini, programu nyingine ya uigaji ambayo mafundi wakubwa wa maji huisifia kwa haki kabisa, ina toleo la bure lisiloruhusiwa kwa kazi za biashara na linaloweka alama juu ya picha, hivyo kwa ofisi ya watu wawili na kompyuta moja yenye nguvu mjadala huo haukuwa na urefu.

Tofauti ya msingi kati ya zana hizi ni kwamba chembe hazijuani, lakini maji hujuana. Mfumo wa chembe ulielezwa kitaalamu na William Reeves wa Lucasfilm mwaka 1983, baada ya kutumika kuwasha ukuta wa moto juu ya sayari nzima katika filamu moja ya anga ya mwaka uliotangulia, na msingi wake haujabadilika sana tangu hapo: kila chembe huzaliwa, hupewa mahali, kasi, rangi na umri, huishi fremu zake, yaani zile picha moja moja zinazounda video, kisha hufa, bila kujua hata mara moja kwamba kuna chembe nyingine ubavuni mwake. Ndiyo maana ni nyepesi. Mahali na kasi ya chembe moja ni namba sita, yaani baiti 24, kwa hiyo chembe milioni moja huchukua megabaiti 24 tu za kumbukumbu kwa ajili ya mwendo wake, na ukiziongeza mara mbili gharama nayo huongezeka mara mbili, basi.

Maji hayana uhuru huo. Kanuni zinazoyatawala ziliandikwa na Mfaransa Claude-Louis Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na George Gabriel Stokes mwaka 1845, na kwa fundi wa picha maana yake kubwa ni moja: maji hayashindiliki, kwa hiyo maji yanayoingia mahali lazima yayatoe yale yaliyokuwapo. Mantaflow hulikata sanduku la maji, yaani eneo ulilolitengea uigaji, kuwa vichemraba vidogo, na katika kila hatua ya muda vichemraba vyote hulazimika kukubaliana kuhusu shinikizo, kila kimoja na jirani zake, hadi pasiwepo mahali ambapo maji yanabanana au yanapotea. Makubaliano hayo ndiyo yanayokula muda. Sanduku lenye migawanyo 128 kila upande lina vichemraba 2,097,152. Ukilipandisha hadi 256 vinafika 16,777,216, yaani mara nane, na kwa kuwa vichemraba vidogo hudai hatua fupi za muda ili maji yasivuke vichemraba vingi kwa mkupuo, gharama halisi inaweza kufika mara 16. Namba za kasi ya maji peke yake katika sanduku hilo la pili, kabla hazijabanwa, ni takriban megabaiti 200 kwa kila fremu moja, na sekunde 10 za video ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250. Anayepuuza hesabu hii ndogo ataipata tena siku diski itakapojaa.

Jambo jingine, ambalo ningelijua mapema lingeniokolea fedha, ni kwamba Mantaflow hukokotoa kwa prosesa ya kawaida, si kwa kadi ya picha. Mimi nilinunua kadi ya picha nikidhani nimenunua maji ya haraka. Kadi ilisaidia sana wakati wa kurenda, yaani kutoa picha za mwisho, lakini maji yenyewe yalibaki na mwendo wake uleule wa kobe, na kosa hilo ni langu, si la aliyeniuzia.

Picha ya omo niliianza kwa chembe, kwa uvivu uliojifanya busara. Niliweka chanzo cha chembe kwenye ukingo wa mbao pale omo inapokutana na maji, nikazipa kasi ya kwenda pembeni na juu, nikaziacha zianguke kwa uvutano wa dunia, na chini yake nikatandaza uso wa ziwa kwa kirekebishi cha bahari kilichomo ndani ya Blender, ambacho huchora mawimbi kwa mbinu ya Jerry Tessendorf bila kukokotoa maji yoyote. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu, mtumbwi ulikuwa ukipita katikati ya maji bila maji kuwa na habari: hayakuinuka mbele ya omo, hayakuteremka ubavuni, wala hayakukutana tena nyuma ya tezi, yaani mwisho wa nyuma wa mtumbwi. Matone mazuri yaliruka kutoka kwenye mbao, lakini hapakuwa na kitu kilichoyarusha. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kinachouza mtumbwi ule, yaani jinsi omo inavyoyasukuma maji, ni kitu ambacho chembe zisizojuana haziwezi kukionyesha kamwe, hata ukiziweka milioni kumi.

Nikahamia Mantaflow. Jaribio la kwanza nilimwonyesha mzee kwenye simu, tukiwa tumeketi juu ya gogo ndani ya karakana yake. Alitazama mara mbili, akanirudishia simu bila kutabasamu.

“Mwanangu, mtumbwi huu unaelea kwenye beseni.”

“Kwenye beseni kivipi, Mzee?”

“Maji yana haraka. Ziwa halina haraka hivyo.”

Nilirudi ofisini nikiwa nimeudhika, nikafungua vipimo, na kumbe mzee alikuwa amesoma kwa macho kosa ambalo mimi sikuliona kwa namba. Mtumbwi wa mita 9 nilikuwa nimeuchora kwa urefu wa sentimita 90. Kwa chembe kosa la aina hiyo unaweza kulifunika kwa kuchezea kasi mpaka macho yaridhike, lakini uigaji wa giligili haudanganyiki, kwa sababu uvutano wa dunia uliomo ndani yake ni ule wa kweli wa mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Tone linaloanguka kutoka urefu wa mita moja huchukua takriban sekunde 0.45, ambazo ni fremu 11. Likianguka kutoka sentimita 10 huchukua sekunde 0.14, ambazo ni fremu tatu na nusu. Jicho la mtu aliyezoea maji hulitambua hilo papo hapo, hata kama mwenye jicho hajui fremu ni kitu gani, na hicho ndicho hutufanya tuitambue meli ya kuchezea katika filamu za zamani.

Nikarekebisha ukubwa, nikalinyoosha sanduku hadi mita 12 ili liumeze mtumbwi mzima, nikaacha migawanyo 96 kwa upande mrefu kwa kuogopa muda. Safari hii kasi ilikuwa sawa, lakini mzee alisema kwamba sasa nimempikia uji, na kwa mara nyingine alikuwa sahihi. Mita 12 zikigawanywa kwa 96 zinatoa kichemraba cha sentimita 12.5, na utando wa maji unaochanika kutoka kwenye omo ni mwembamba kuliko kidole. Kitu chembamba kuliko kichemraba hakiwezi kuwakilishwa ipasavyo. Programu hukiviringa kuwa donge lenye unene inaoweza kuushika, na madonge yakifuatana ndiyo uji wenyewe. Hilo si kasoro ya zana. Ni bei yake, na karibu kila maji mabaya ya kompyuta ninayoyaona katika matangazo yetu, yale yanayomiminika kama asali kwenye chupa ya soda, yametokana na fundi aliyekataa kuilipa bei hiyo au asiyejua kwamba ipo.

Suluhisho lililonifaa lilikuwa kuacha kuiga ziwa lote. Nililipunguza sanduku likawa la mita 4 kwa 3 kwa 2, nikalifunga kwenye omo peke yake, nikapandisha migawanyo hadi 200, na kichemraba kikashuka kuwa sentimita 2. Hiyo ni jumla ya vichemraba milioni 3. Kama ningetaka usafi uleule kwa sanduku la mita 12 kwa 6 kwa 3, ningehitaji milioni 27. Nilizima kuta za pembeni za sanduku ili mawimbi yatoke nje badala ya kugonga na kurudi, kwa sababu wimbi linalorudi kutoka ukutani hulifanya ziwa lionekane kama birika la kunyweshea ng'ombe, na nje ya sanduku nikaacha uso wa kirekebishi cha bahari uendelee hadi upeo wa macho. Kilichobaki ni mshono kati ya maji yaliyokokotolewa na maji yaliyochorwa. Sitaficha kwamba mshono huo ulinichukua wiki nzima, zaidi ya kitu kingine chochote katika tangazo, na sijaona mafunzo yanayouzungumzia kwa uzito unaostahili. Wote huonyesha maji katikati ya sanduku, hakuna anayeonyesha pale sanduku linapoishia. Mimi niliufunika kwa povu na kwa kivuli cha mtumbwi, na anayejua pa kutazama bado ataukuta.

Kuna suala la umeme, na hapa naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza na miji jirani kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kazi ya kukokotoa fremu moja baada ya nyingine na kuzihifadhi kwenye diski, ambayo mafundi tunaiita kubeki, kwa sanduku langu la omo iliendelea usiku kucha. Usiku wa kwanza umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Niliporudi asubuhi nilizikuta fremu zilizokwisha kukokotolewa zikiwa salama kwenye folda, lakini programu haikuweza kuendelea kutoka pale zilipoishia, kwa sababu sikuwa nimeweka alama kwenye kisanduku kidogo kinachoiamuru ihifadhi taarifa za ziada za kuendelezea kazi. Kisanduku hicho kimo katika sehemu ya akiba ya Mantaflow. Watengenezaji wanashauri kisiwekewe alama bila sababu kwa kuwa kinaongeza uzito wa kusoma na kuandika kwenye diski. Kwetu sisi sababu ipo kila wiki. Weka alama hiyo kabla ya jambo lingine lolote, chagua folda ya akiba mwenyewe kwenye diski yenye nafasi, kisha ndipo uanze kufikiria maji. Mfumo wa chembe haunipi wasiwasi huo hata kidogo, kwani ukizima kompyuta na kuiwasha, chembe zilezile hurudi mahali palepale kwa mbegu ileile ya namba, yaani namba inayoamua mtawanyiko wao, ndani ya muda wa kunywa chai.

Picha ya usiku ndiyo iliyonifundisha zaidi, ingawa ilikuwa rahisi. Mvua haikuhitaji mjadala: ni chembe. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde, na kamera ikifungua jicho lake kwa sekunde 1/50 tone hilo linakuwa limeshuka sentimita 18, kwa hiyo kinachoonekana ni vistari, wala si matone. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiga shinikizo la maji ndani ya kistari. Nilizipa chembe umbo la kistari chembamba, upepo kidogo kutoka upande mmoja, na mvua ikawa imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mushkeli ulikuwa wadudu. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi, na ni katika siku hizohizo za mwezi mchanga ambapo wale wadudu wadogo huibuka kutoka ziwani kwa mamilioni. Mzee alisisitiza kwamba taa bila wadudu ni taa ya dukani. Aliyekaa ufukweni asubuhi anayajua mawingu yao: nguzo nyeusi zinazosimama juu ya maji, ambazo mgeni huapa kwamba ni moshi wa chombo kinachoungua. Nami, nikiwa bado nimelewa mafanikio ya omo, niliwafanya kwa uigaji wa moshi. Ilionekana vibaya, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Moshi hupanda kwa sababu una joto, hupanuka, huviringika, na kila sehemu yake husukumwa na sehemu iliyo chini yake, lakini wingu la wadudu halisukumwi na chochote. Kila mdudu anacheza peke yake, na nguzo inasimama kwa sababu wamekubali kukusanyika mahali pamoja, si kwa sababu ya shinikizo. Kwa sura ni moshi, kwa tabia ni chembe. Niliufuta moshi wote, nikaweka chembe laki mbili zenye uga wa msukosuko na uga mdogo wa kizunguzungu, yaani nguvu za kuzitikisa na kuzizungusha, kuizunguka kila taa, na kabla ya jioni wadudu walikuwa wadudu.

Tangu siku hiyo sijiulizi tena kama kitu kinafanana na maji au moshi. Najiuliza kama vipande vyake vinasukumana. Kama havisukumani, sifungui Mantaflow.

Moshi wa banda la samaki nitaupitia haraka. Kwa moshi Mantaflow ni rafiki zaidi kuliko kwa maji, kwa sababu jicho la mtazamaji haliudai moshi uaminifu mkubwa, na kwa sababu unaweza kuukokotoa kwa migawanyo michache kisha ukaongezewa chengachenga za msukosuko juu yake kwa mbinu ambayo Theodore Kim, Nils Thuerey, Doug James na Markus Gross waliichapisha mwaka 2008 na kutunukiwa tuzo ya kiufundi ya Academy ya filamu ya Marekani mwaka 2013. Thuerey huyo ndiye pia yuko nyuma ya Mantaflow. Nilitumia migawanyo 64, nikaruhusu sanduku lijitanue na kujikunja kufuata moshi ulipo, na matokeo yalitosha kwa picha ambayo moshi unapenya kwenye wavu wa chuma na kuwazunguka sangara waliolazwa juu yake. Moshi wa mabanda mengine, yale ya nyuma kabisa, ulikuwa chembe zilizovishwa picha za moshi, na hakuna aliyetofautisha.

Ni haki kusema kwamba mpaka kati ya zana hizi si ukuta. Maji ya Mantaflow yenyewe hukokotolewa kwa mbinu iitwayo FLIP, ambamo chembe ndizo zinazobeba mwendo na gridi ya vichemraba hutumika kusuluhisha shinikizo, kisha mwendo uliosuluhishwa hurudishwa kwa chembe. Kwa upande wa pili, mfumo wa chembe una aina ya fizikia ambayo ndani yake chembe huwauliza majirani zao, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1977 kwa ajili ya kuchunguza nyota. Niliijaribu kwa maji yanayokombwa kwa kopo kutoka ndani ya mtumbwi, na kwa kopo moja inafaa kabisa. Kwa omo ingekuwa kuchota ziwa kwa kijiko. Aidha, Mantaflow inaweza kuzaa chembe za ziada za mrusho, povu na viputo kutoka kwenye maji yake yenyewe, na mrusho wake niliupenda kuliko wowote nilioutengeneza kwa mkono, kwa kuwa hutokea palepale maji yanapovunjika.

Kama ningelazimishwa kubaki na zana moja tu kwa ofisi kama yangu, ningebaki na chembe bila kusita, kwa sababu kazi nyingi zinazotujia ni vumbi, mvua, cheche, majani na konfeti za harusi, na kwa sababu mteja wa Mwanza hubadili mawazo siku moja kabla ya kurusha tangazo. Chembe hubadilishwa mteja akiwa amekaa kitini. Maji yaliyokokotolewa hayabadilishwi; hukokotolewa upya.

Hilo nililithibitisha siku ya mwisho. Povu la nyuma ya tezi sikulichukua kutoka Mantaflow. Nililitengeneza kwa mfumo wa chembe wa kawaida juu ya uso wa maji, na nililipa umri wa fremu 150, yaani sekunde 6, kwa kufuata mafunzo niliyoyatazama, ambayo karibu yote ni ya bahari. Mzee alitazama tangazo zima akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasimamisha video kwa kidole chake chenye utomvu wa mbao pale ambapo mtumbwi unapita.

“Hapa umetupeleka Dar,” alisema. “Povu la ziwani halikai hivi.”

Na ndivyo ilivyo, kwa kuwa katika maji ya chumvi viputo havikimbilii kuungana, na povu hudumu. Katika maji matamu huungana na kupasuka upesi. Kama povu lile lingekuwa la Mantaflow, ningerudi kubeki chembe zake zote na kuomba umeme usikatike. Nilibadilisha namba moja, kutoka 150 hadi 50, nikarenda upya fremu zilizohusika, na tangazo likatoka kesho yake.